Kupiga piano kwa sikio: itafute do kwanza

Mwenye wimbo kichwani anapoketi mbele ya piano kwa mara ya kwanza, huanza kuparamia vitufe. Anabonyeza hiki, sicho. Anajaribu cha jirani, sicho. Anaruka mbele, anapata, anashangilia, na akifika noti ya nne ameshaisahau ya kwanza. Tuni ya noti ishirini humla mchana mzima, na kesho yake hakumbuki alianzia wapi. Hapo wengi husema sikio lao halifai. Sikio halina kosa lolote. Kosa ni kutafuta noti moja moja kana kwamba kila moja imesimama peke yake, ilhali katika wimbo kila noti husikika kwa jinsi ilivyo mbali au karibu na noti moja ambayo ndiyo nyumbani kwa wimbo huo. Noti hiyo ni do.

Wapo watu wachache sana wanaoweza kusikia kijiko kikigonga bilauri wakakutajia jina la noti iliyolia. Kipaji hicho kizuri, lakini kazi hii haikihitaji. Mpigaji wa kawaida hupima sauti kwa kulinganisha, na uwezo wa kulinganisha hujengwa kwa mazoezi hata ukubwani. Erroll Garner, mpiga piano wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1977, hakuwahi kujifunza kusoma noti maisha yake yote. Hatusemi noti zilizoandikwa hazina faida. Zina faida kubwa. Tunachosema ni kwamba mlango huu mwingine nao upo wazi, na una ngazi zake.

Ngazi ya kwanza ni mdomo. Usiguse kitufe kabla hujaimba. Cheza rekodi ya wimbo, kipande kifupi cha sekunde nne au tano tu, simamisha, kaa kimya kidogo huku ukikisikia kichwani, kisha kiimbe kwa sauti. Mahali ulimi unapositasita ndipo vidole vitakapokosea, kwa sababu hapo hukusikia, ulikisia. Rudia kusikiliza mpaka kusitasita kuishe. Sauti yako si lazima iwe tamu, ila igonge noti penyewe. Wimbo ukiwa juu mno kwako, uimbe oktava moja chini, yaani shuka mpaka noti ya jina lile lile inayojirudia chini yake. Noti zinabaki zile zile. Wanaume wengi wanaofuatisha mwimbaji wa kike hujichosha koo bure kwa kutolijua hilo, na wengine huangukia so, noti ya tano ukihesabu kutoka do, badala ya do, kwa kuwa so nayo hukaa vizuri na do ikasikika kama imelingana.

Sasa itafute do. Simamisha wimbo katikati, popote, na ujiulize: sauti gani ingenifanya nihisi wimbo umefika nyumbani ukatulia? Iimbe kwa mdomo uliofumbwa. Kama huipati, sikiliza noti ya mwisho kabisa ya besi, ile sauti nene ya chini, pale wimbo unapomalizikia. Mara nyingi ndiyo hiyo. Ukiwa bado unaiimba, anzia C ya katikati ya piano, kitufe cheupe kilicho kushoto tu kwa vile vyeusi viwili vya katikati, upande kitufe kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi bila kuruka. Noti zote za muziki huu ni kumi na mbili tu kabla hazijajirudia, kwa hiyo hata ukiwa na bahati mbaya kabisa utakuwa umebonyeza vitufe kumi na viwili. Sauti yako na ya piano zikipishana kidogo utasikia mkwaruzo, kama zinasukumana. Zikikutana, mkwaruzo unapotea ghafla.

Usiamini bado. Jenga skeli, yaani ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, do, juu ya noti uliyoipata ukihesabu kwa nusu toni, yaani kutoka kitufe hadi kinachofuata, cheupe au cheusi, bila kuruka: 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Ukianzia C utapita vyeupe vyote hadi C inayofuata. Piga skeli hiyo taratibu huku wimbo ukiendelea. Iwapo noti sita zinakubali na ile ya saba, ti, inakwaruza kila mara, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeikamata so ukaiita do. Mfano wake: wimbo uko kwenye ki ya C, yaani do yake ni C, wewe umeanzia G. Skeli ya G ina F shapu, kitufe cheusi kilicho juu tu ya F, na wimbo unaimba F ya kawaida. Hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na sababu yake imo ndani ya sauti yenyewe: kila noti inapolia hubeba juu yake milio myembamba, na mlio wa kwanza usiokuwa oktava ya noti hiyo ni so yake. Sikio linaisikia so hata pale isipopigwa.

Kosa la pili ni la nyimbo za maina. Vitufe vyote vinakubali, ti haikwaruzi, lakini wimbo hautulii kwenye do. Unatulia kwenye la. C meja, yenye nyumbani kwenye do, na A maina, yenye nyumbani kwenye la, hutumia vitufe vile vile vyeupe. Usibadilishe chochote, tambua tu kwamba nyumbani ni la na uendelee.

La tatu huwatesa watu isivyo haki. Unapanda vitufe vyote kumi na viwili na hakuna hata kimoja kinacholingana. Kimoja kiko chini kidogo, kinachofuata kiko juu kidogo. Si wewe. Rekodi nyingi za zamani zilipita kwenye mashine za kanda zilizozunguka kasi zaidi au polepole zaidi ya ilivyotakiwa, na kasi ikibadilika kimo cha sauti nacho hubadilika. Piano za leo hupangwa kwa A ya 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo ambacho shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilikipitisha mwaka 1955, lakini si kila chombo kilichowahi kurekodiwa kilikifuata. Piano ya umeme ina sehemu ya kurekebisha kimo kidogo kidogo. Kisogeze mpaka mkwaruzo uishe. Kama piano yako ni ya nyuzi, usiiguse. Badilisha kimo cha rekodi kwenye programu ya simu au kompyuta.

Do ikishapatikana, kila noti nyingine inakuwa na tabia yake. John Curwen, Mwingereza aliyeishi 1816 hadi 1880 na kueneza mfumo wa solfa, yaani wa kuimba kwa do, re, mi, uliobuniwa na Sarah Glover wa Norwich, aliziandika tabia hizo: do ni thabiti, re inaamsha, mi imetulia, fa ina kitisho na upweke, so inang'aa, la inalia, ti inachoma. Unaweza usikubaliane na maneno yake. Muhimu ni kuzihisi mwenyewe, na zoezi lake ni rahisi mno kiasi kwamba watu hulidharau. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kishikilie do ya chini. Mkono wa kulia upige noti moja ya skeli, uiache ilie mpaka ikaribie kufa, ndipo upige nyingine. Anza na do, mi na so pekee kwa siku kadhaa. Ongeza re na la. Fa na ti ziwe za mwisho: fa inavutwa kushuka kwenye mi, ti inavutwa kupanda kwenye do, na kila moja iko nusu toni tu kutoka huko inakovutwa. Dakika tano kwa siku zinatosha. Ukienda haraka tabia hizi hazisikiki kabisa, kwa hiyo mwendo wa pole hapa ndio zoezi lenyewe.

Wapo walimu wanaoanza kwa kukaririsha umbali kati ya noti mbili, kila umbali na wimbo wake wa kuukumbukia. Njia hiyo hufaulu noti mbili zikilia peke yake. Ndani ya wimbo inayumba. Kutoka do kwenda mi ni nusu toni nne. Kutoka fa kwenda la ni nusu toni nne pia. Lakini ziimbe kwa zamu huku do ikilia chini, na utashangaa jinsi zisivyofanana. Sikio linasikia mahali, halisikii umbali tu. Umbali tunautumia kukagua, baada ya mahali kujulikana.

Kwa tuni yenyewe, gonga kwanza mdundo wake mezani bila noti yoyote. Kisha uliza maswali mawili kuhusu kila msitari: unaishia kwenye noti gani, na unaanzia wapi? Mwisho ndio rahisi zaidi, kwa sababu misitari mingi huishia kwenye do, mi au so. Ukiwa na ncha mbili, katikati hujaa haraka, kwani tuni nyingi hupanda na kushuka kwa hatua za jirani na kuruka mara chache. Hesabu pia misitari iliyo mipya kweli. Wimbo wenye misitari minane huweza kuwa na mitatu tu, iliyobaki ni marudio yenye mabadiliko kidogo mwishoni.

Nyimbo za kuanzia ziwe zile zinazotumia do, re, mi, fa, so pekee, vidole vitano bila kuhamisha mkono. Baada ya hapo nenda kwenye nyimbo za noti tano zisizo na fa wala ti. Hizo unaweza kuzipiga kwa vitufe vyeusi peke yake, F shapu ikiwa do: F shapu, G shapu, A shapu, C shapu, D shapu ni do, re, mi, so, la. Kwenye vyeusi hakuna nusu toni hata moja, ndiyo maana hata ukikosea hapakwaruzi sana. Mtoto au mtu mwenye woga tunamwanzishia hapo.

Mkono wa kushoto una utajiri mwingi zaidi, na ndiko watu wanakokata tamaa. Sababu ya kwanza ni ya vifaa. Besi ya nyimbo nyingi hupita kati ya C ya pili na C ya tatu za piano, yaani takriban 65 hadi 131 Hz. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa milio hiyo ipasavyo. Inatoa milio myembamba iliyo juu yake, na ubongo unajazia kilichokosekana. Ndiyo maana unaona kama unaisikia besi lakini huwezi kuishika. Vaa hedifoni nzuri au tumia spika kubwa. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Kisha iimbe besi, oktava juu kama ni lazima, kabla ya kuipiga. Wengi hawajawahi kuimba besi ya wimbo wanaoupenda hata mara moja.

Besi hukuambia kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Kodi ya msingi ni noti tatu: kwa meja, anza noti yoyote, panda nusu toni nne, kisha tatu, kwa maina, panda tatu kisha nne. Ndani ya skeli moja, kodi zinazojengwa juu ya do, fa na so ni meja. Za re, mi na la ni maina. Ile ya ti haitokei sana, iache kwanza. Tunaziita kwa namba: ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Katika ki ya C ya kwanza ni C, ya nne ni F, ya tano ni G, ya sita ni A maina. Kwa kodi hizi nne peke yake nyimbo nyingi mno zinapigika mwanzo hadi mwisho.

Besi ikikataa kusikika, tuni itakusaidia. Angalia noti ndefu, au ile inayoangukia pigo la kwanza katika kila mapigo manne. Do hukaa ndani ya kodi ya kwanza, ya nne na ya sita. Re iko ndani ya ya tano na ya pili. Mi iko kwenye ya kwanza, ya sita na ya tatu. Fa iko kwenye ya nne na ya pili. So kwenye ya kwanza, ya tano na ya tatu. La kwenye ya nne, ya sita na ya pili. Ti kwenye ya tano na ya tatu. Kwa hiyo hukisii kati ya kodi zote duniani. Unachagua kati ya mbili au tatu, na sikio linachagua vizuri likipewa chaguo chache.

Kuna jozi zinazochanganya kila mtu. Ya kwanza na ya sita zinagawana do na mi. Tofauti yake ni noti moja, so upande mmoja na la upande mwingine. Ya nne na ya pili zinagawana fa na la. Tofauti ni do na re. Kodi inapolia kwenye rekodi, imba ile noti ya tofauti kwa zamu. So ikizama ndani ya sauti kama sukari kwenye maji, ni ya kwanza. Ikielea juu na la ndiyo ikazama, ni ya sita. Jaribio hili la kuimba linashinda kubonyeza kodi nzima nzima, kwa sababu kodi nzima zinazogawana noti mbili huonekana zote ni sahihi.

Mtego mwingine ni kodi iliyogeuzwa. Besi inaimba mi, wewe unaandika kodi ya tatu, na kitu kinasikika kichungu. Mara nyingi hapo ni kodi ya kwanza ambayo besi imeshika mi badala ya do. Kodi ya tatu ina ti ndani yake, na ti ikigongana na do ya mwimbaji uchungu hauepukiki. Hali hiyo hiyo hutokea besi inaposhuka do, ti, la, so: chini ya ile ti kwa kawaida ni kodi ya tano iliyogeuzwa, G yenye B chini yake. Besi inayotembea kwa hatua za jirani ni dalili ya kushuku kugeuzwa.

Ukikuta noti isiyo ya skeli kabisa, usidhani umepotea. Kodi ya pili ikipigwa meja badala ya maina, D yenye F shapu katika ki ya C, inausukuma wimbo kuelekea ya tano. Ya tatu ikipigwa meja, E yenye G shapu, inausukuma kuelekea ya sita. Ukisikia msukumo kama huo, tazama kodi inayofuata na urudi nyuma.

Andika ulichopata kwa namba, si kwa herufi: 1, 6, 4, 5, na alama ya mapigo mangapi kila moja inakaa. Wimbo ukihamishwa ki, namba hazibadiliki. Irving Berlin, mtunzi wa nyimbo wa Marekani, alizoea kupiga kwenye ki ya F shapu na akawa na piano maalumu yenye wenzo wa kuhamisha ki. Piano za umeme za leo zina kibonyezo cha kazi hiyo. Kinasaidia mwimbaji akibadilisha ki dakika ya mwisho, lakini kukitegemea kunafanya vidole viongee lugha moja huku masikio yakisikia nyingine. Wimbo mmoja ukishaujua kwenye C, upige kwenye G, kisha F, kisha D na B flati, kitufe cheusi kilicho chini tu ya B. Wa kwanza utakuchukua juma zima. Wa tano utauhamisha jioni moja.

Kuhusu vidole tutasema machache, tukivihesabu kutoka gumba, 1, hadi kidole kidogo, 5. Skeli ya C kwa mkono wa kulia ni 1, 2, 3, kisha dole gumba linapita chini, 1, 2, 3, 4, 5. Ya F ni 1, 2, 3, 4, kisha gumba, 1, 2, 3, 4, kwa sababu kidole cha nne ndicho kinachofaa kukaa kwenye B flati. Anayejifunza kwa sikio huzoea kupiga kila kitu kwa vidole viwili vya shahada na kati, na baada ya miezi kadhaa mwendo wake unagonga ukuta. Jifunze mapema.

Programu za kupunguza kasi bila kubadilisha kimo ni msaada mkubwa kwa noti za haraka. Asilimia 70 ya kasi huwa inatosha. Chini ya 50 sauti zinavurugika na sikio linaanza kubuni. Lakini kwa kodi, sikiliza kwenye kasi ya kawaida. Mwendo wa kodi moja kwenda nyingine ndio unaoitambulisha, na ukiuvuta sana unapotea. Zoezi la dakika 20 au 30 kila siku linazidi la saa tatu za siku moja kwa wiki, kwa sababu sikio huchoka kabla ya vidole: likichoka, kila kodi huonekana sawa, na utaandika makosa kwa ujasiri.

Ndiyo maana kukagua kufanywe kesho yake. Jirekodi leo kwa simu, na asubuhi sikiliza rekodi yako kisha ile ya asili, msitari kwa msitari. Noti za tuni huwa sawa. Kinachojitokeza zaidi ni kodi kuchelewa: mkono wa kushoto unausubiri wa kulia umalize, kisha ndipo unabadilika, nusu pigo nyuma. Pumzisha mkono wa kulia. Wa kushoto upige kodi peke yake, na tuni iimbwe kwa mdomo. Ukipita mara tatu mfululizo bila kuchelewa, rudisha mkono wa kulia, ukianza na msitari mmoja tu.